Fremu ya Baiskeli na Kamera ya Safari: Mwongozo Kamili kwa Mpiga Picha wa Malindi

Baiskeli yangu ya kwanza ya milimani niliinunua kwa rangi. Ilikuwa buluu kama bahari ya Kaskazi, mtumba wa ng'ambo, na muuzaji alikuwa ameisugua mafuta mpaka ikawa inang'aa. Fremu yake inchi 21. Mimi kimo changu ni sentimita 172. Asubuhi moja nikafika nayo karibu na mdomo wa mto Sabaki, nikaona kundi la heroe wamesimama majini, nikakamata breki na kushusha mguu. Mguu haukufika chini. Bomba la juu la fremu lilinipokea mahali ambapo sitapataja. Heroe waliruka, na kwa dakika kumi hivi sikuwa na shida ya picha tena.

Najua utasema Malindi haina milima. Kweli, lakini tuna mchanga, kifusi, mashimo ya baada ya masika na ile barabara ya kuendea Marafa. Tairi nene na gia nyepesi zina kazi huku kuliko unavyodhani.

Mtu anayeendesha baiskeli ili apige picha hashindani na mtu. Anasimama. Kutoka mjini hadi Gede ni kilomita kama 16, na mimi husimama mara ishirini au thelathini: mzee anayesuka makuti, mbuyu, watoto wa madrasa. Kwa hiyo fremu nitakayokueleza huchaguliwa kwa urahisi wa kushuka na kupanda, na kamera huchaguliwa kwa idadi ya vituo unavyoweza kuvilipia. Kusimama huko ndiko kunakonifanya niyaandike mambo haya mawili pamoja.

Pima miguu kwanza

Kimo cha mtu hudanganya. Watu wawili wa sentimita 170 wanaweza kupishana sentimita tano za miguu. Kipimo unachotaka ni urefu wa ndani wa mguu, kutoka kwenye msamba hadi sakafuni.

Vua viatu. Vua na kikoi pia, vaa bukta. Simama mgongo ukutani, nyayo ziachane kama shibri moja. Chukua kitabu chenye jalada gumu, kiweke katikati ya miguu huku uti wake ukitazama juu na ukingo mmoja umegusa ukuta, kisha kivute juu kwa nguvu kama ambavyo kiti cha baiskeli kingekukandamiza. Mtu wa pili atie alama ya penseli ukutani. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye alama kwa futi ya fundi cherehani. Rudia mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza kila mtu huona haya na kuvuta kidogo.

Sasa zidisha sentimita zako kwa 0.226. Jibu ni ukubwa wa fremu ya baiskeli ya milimani kwa inchi. Mimi mguu wangu wa ndani ni sentimita 80, na 80 mara 0.226 ni 18.1, kwa hiyo fremu yangu ni ya inchi 18. Dada yangu ana sentimita 74, anapata 16.7, yaani fremu ya 16 au 17. Zile herufi zinazobandikwa kwenye fremu huangukia takriban hivi: S ni inchi 15 hadi 16, M ni 17 hadi 18, L ni 19 hadi 20, na kuendelea juu ni XL.

Ukijikuta katikati ya saizi mbili, chukua ndogo. Mwanamashindano anaweza kubishana nami, na ana haki. Lakini fremu ndogo hurefushwa kwa kupandisha kiti, ilhali fremu kubwa haina dawa. Na wewe ndiye utakayeshuka mara thelathini na kamera kifuani.

Kwa muuzaji, futi mkononi

Baiskeli nyingi za mtumba zimepoteza stika, na stika iliyobaki si ya kuaminiwa sana, maana kampuni hazipimi kwa njia moja. Pima mwenyewe. Weka ncha ya futi katikati ya ule mhimili unaozungusha krenki (ile mikono inayoshika pedali), uivute sambamba na bomba la kiti hadi mwisho wa bomba hilo juu, pale chuma cha kiti kinapoingilia. Usipime hadi kwenye kiti. Sentimita 40 na ushei ni inchi 16, sentimita 46 ni inchi 18, sentimita 51 ni inchi 20. Muuzaji akikuuliza unapima nini, mwambie unapima kabati. Bei haitapanda.

Kisha vaa viatu vyako vya kawaida na uipande kwa kuisimamia, miguu miwili chini, bomba la juu katikati. Kati yako na bomba pawe na nafasi ya sentimita 5 kwa uchache. Kwa njia za mchanga mimi hutaka 8 au 10, kwa sababu mchanga humeza tairi la mbele bila taarifa na utaruka mbele ya kiti kabla hujafikiri. Fremu ambazo bomba la juu limeinama kuelekea nyuma zinasaidia sana hapa, na ndizo zinazowafaa pia akina mama wanaovaa madira. Kuna fremu zisizo na bomba la juu kabisa; hizo usizidharau.

Halafu uikague kama mtu anayenunua ng'ombe. Tazama chini ya shingo, pale bomba la juu na la chini yanapokutana na bomba la usukani: ufa mwembamba kwenye rangi hapo ni sababu ya kurudisha pesa mfukoni. Tazama kwenye maungio ya nyuma karibu na gurudumu. Simama nyuma yake, funga jicho moja, uone kama magurudumu mawili yako kwenye mstari mmoja.

Mwisho, na hili ni letu sisi wa pwani, mwambie afungue kiti na achomoe kile chuma chake chote. Chuma cha kiti cha aluminiamu kikikaa ndani ya fremu ya chuma na hewa ya chumvi, vinashikana kama vimechomelewa. Kisipotoka, huwezi kurekebisha urefu, na vipimo vyote ulivyojisumbua navyo havina maana. Kikitoka, kipake grisi kabla hakijarudi, na uangalie ile alama ya mwisho iliyochorwa kwenye chuma: isionekane nje ukishaweka kiti kwa urefu wako. Ikionekana, fremu ni ndogo mno au unahitaji chuma kirefu zaidi cha unene uleule.

Kuhusu magurudumu nitasema machache. Soma ile namba ya tarakimu tatu ubavuni mwa tairi: 559 ni la inchi 26, 584 ni la 27.5, na 622 ni la 29. Zile Black Mamba za wazee wetu ni 28 zenye 635, na hazibadilishani na hizi. Kwa uzoefu wangu, ukipata pancha mbali na mji, tyubu ya 26 ndiyo rahisi kuipata kwenye duka la kijiji. La 29 hupita mchangani vizuri zaidi, ila beba tyubu yako.

Urefu wa mbele, jambo ambalo mafundi wengi hawalitaji

Bomba la kiti hukwambia habari za miguu tu. Mgongo na mikono huamuliwa na umbali kutoka kitini hadi usukanini. Fundi wa zamani atakwambia uweke kiwiko kwenye ncha ya kiti, na vidole vinyooke viguse usukani. Ni kipimo cha haraka, kinakaribia ukweli, lakini mtu mwenye mikono mirefu kitamponza.

Pima badala yake kwa mstari wa mlalo kutoka katikati ya shingo ya fremu hadi kwenye chuma cha kiti. Kwa fremu za zamani za M utapata kama sentimita 57 hadi 59. Baiskeli mpya zina vipimo viwili vingine ambavyo kampuni huviita richi na staki: richi ni umbali wa mlalo kutoka usawa wa mhimili wa krenki hadi juu ya shingo, na staki ni kimo cha wima kati ya pointi hizo mbili. Baiskeli za leo zimefupisha bomba la kiti na kurefusha richi, kwa hiyo M ya mwaka 2000 na M ya leo ni jina moja la watu wawili. Ukinunua mpya, tazama richi kuliko inchi.

Ishara kwamba mbele ni mbali: viganja vinakufa ganzi kabla ya kufika Gede, shingo yako inauma, na ukitaka kutazama pembeni kutafuta picha unayumba. Ukishanunua, tiba ni shingo fupi ya usukani, yaani kile chuma kinachoushika usukani kwenye fremu. Baiskeli nyingi za zamani zina shingo ya milimita 90 hadi 120; kuibadili kwa ya 60 au 70 kunakuinua na usukani unakuwa mwepesi. Usitibu kwa kusogeza kiti mbele mpaka mwisho, maana utahamishia maumivu magotini.

Kiti

Zidisha mguu wako wa ndani kwa 0.883. Hiyo ndiyo sentimita kutoka katikati ya mhimili wa krenki hadi juu ya kiti. Kwangu ni 70.6, kwa dada ni 65.3. Njia isiyohitaji hesabu: kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuning'inia upande mmoja. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa.

Hicho ni kiti cha barabara ya lami. Ukiingia mchangani au ukiwa na siku ya kusimama sana, kishushe sentimita 3. Utachoka mapema kidogo, lakini miguu itafika chini. Mimi nimekata alama mbili kwenye chuma cha kiti kwa msumari, moja ya lami na moja ya picha.

Filamu au dijitali: anza na hesabu

Mabishano ya uzuri nimeyasikia barazani mpaka nimechoka. Anza na pesa. Mkanda wa filamu wa milimita 35 una picha 36. Chukua bei ya mkanda, ongeza gharama ya kuusafisha, ongeza ya kuuskani, ongeza nauli ya kuutuma mjini kwenye maabara na kurudishiwa. Gawanya kwa 36. Iandike hiyo namba kwenye karatasi na uibandike nyuma ya kamera. Kila ukibonyeza, hiyo ndiyo imetoka mfukoni. Kabla hata hujanunua kamera ya filamu, piga simu ujue mkanda utasafishwa wapi na utakaa siku ngapi njiani, kwa sababu studio nyingi za mitaani siku hizi ni za picha za kitambulisho na printa.

Dijitali hukugonga mara moja: kamera, lenzi, memori kadi mbili, betri ya akiba. Baada ya hapo picha elfu moja na picha moja ni bei ile ile. Mtu anayejifunza, au anayelipwa kwa harusi na matangazo ya hoteli, asinunue filamu. Atajifunza polepole na kwa gharama, maana kosa la leo ataliona wiki mbili baadaye na atakuwa amesahau alifanya nini.

Basi filamu ya nini? Kwangu ni kwa sababu ya vituo. Nikiwa na picha 36 za siku nzima, sisimami kila mbuyu. Nazungumza na mtu kwanza, naomba ruhusa, nakaa, halafu napiga mbili. Nikiwa na dijitali napiga kwanza na kuzungumza baadaye, na ukweli ni kwamba watu wetu hawapendi hivyo, hasa akina mama. Siku hizi hubeba dijitali kwa kazi na mkanda mmoja kwa moyo. Kama pesa ni za kamera moja, nunua dijitali ya mtumba, na usiidharau simu yako, ambayo nayo ni dijitali.

Kisa kidogo ninachokipenda: kamera ya kwanza ya dijitali iliundwa mwaka 1975 na Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, kampuni iliyokuwa ikila kwa filamu. Picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Heroe wa Sabaki wasingengoja.

Mwanga wa pwani

Hapa ndipo tofauti ya kweli ilipo. Saa sita mchana Malindi kuna kanzu nyeupe, ukuta wa chokaa, buibui jeusi na kivuli cha mwarobaini, vyote ndani ya picha moja. Dijitali ikizidiwa na mwanga, weupe huo huungua na haurudi. Ila giza lake unaweza kulivuta baadaye kwenye kompyuta ukipiga faili ghafi (RAW), ambayo kamera haijaipunguza. Filamu ya negativu, ile ambayo weupe hutoka mweusi na weusi hutoka mweupe, ni kinyume chake: huvumilia mwanga mwingi, lakini ukiinyima, vivuli hugeuka tope. Kwa hiyo dijitali linda kanzu, filamu lisha buibui. Kwenye dijitali washa ile grafu ya mwanga na uhakikishe haikwami ukingo wa kulia. Kwenye negativu, pima kivulini na usiogope kuzidisha hatua moja, yaani mwanga mara mbili.

Kumbuka pia kipima mwanga cha kamera yoyote hudhani dunia yote ni ya kijivu. Kanzu ikijaza picha itatoka kama imefuliwa na maji ya matope. Ongeza hatua moja. Buibui likijaza, punguza moja. Uso wa mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, pima usoni, usipime ukuta.

Kamera ya zamani ikiwa haina betri, tumia kanuni ya 16: jua likiwa kali, weka tundu la lenzi f/16 (namba ikikua, tundu hupungua) na kasi iwe sekunde moja gawanya kwa ISO ya mkanda, ile namba ya wepesi wake wa kupokea mwanga. Mkanda wa 200 utaweka 1/250, kwa kuwa kamera nyingi hazina 1/200. Ufukweni panda hadi f/22, mawingu mepesi f/11, kivuli cha wazi f/4. Ndani ya magofu ya Gede, chini ya ile miti mikubwa, sahau kanuni. Mara nyingi hujikuta f/2.8 na 1/60 nimeegemea ukuta nikizuia pumzi. Kwa Gede beba mkanda wa 400, au dijitali.

Joto, chumvi, ukungu

Ukungu wa lenzi ndio adui wa pwani. Kwenye kamera ya mtumba, fungua tundu lote, mulika kurunzi upande mmoja na utazame upande wa pili. Nyuzi kama za buibui zikionekana ndani, iache, hata kwa bei ya kutupa. Kwenye kamera za filamu fungua pia mlango wa nyuma: sponji nyeusi za pembezoni zikigeuka lami, mwanga utavuja, zinabadilishwa kwa bei ndogo. Bila mkanda, piga sekunde moja na usikilize. Ikisita au ikirefuka, shata, ile pazia inayofunguka kuingiza mwanga, inataka fundi.

Nyumbani, weka kamera kwenye kontena la plastiki linaloziba pamoja na pakiti za silika. Mchele uachie pilau. Usiihifadhi kwenye mkoba wake wa ngozi, ngozi hunywa unyevu. Ukitoka chumba chenye eisi, iache ndani ya begi robo saa kabla ya kuifungua nje, la sivyo lenzi itatoka jasho.

Mikanda hukaa kwenye friji, na hutolewa saa moja au mbili kabla ya kufunguliwa. Ukisafiri kwa ndege, omba ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za viwanja vikubwa huunguza filamu hata kwa kupita mara moja.

Wanaosafisha wenyewe: filamu ya rangi hutaka dawa ya nyuzi 38, na kwa joto letu hiyo ni kazi rahisi. Nyeusi na nyeupe ndiyo shida, kwani vipimo vingi ni vya nyuzi 20 na maji ya mfereji hapa hayajawahi kuwa hivyo. Tia barafu kwenye beseni la nje, shusha hadi 24, na punguza muda kwa karibu theluthi.

Kubeba kamera

Keria ni ya mizigo, kamera usiiweke hapo. Mtetemo wa kifusi hulegeza skrubu za lenzi moja baada ya nyingine. Kamera ikae mwilini, kwa mkanda wa kukatiza kifua, na mkanda wa pili mfupi kiunoni usiiache ibembee. Mwili wako ndio springi nzuri kuliko zote. Tairi nazo zipunguzwe upepo kidogo kwenye mchanga; zikiwa ngumu kama jiwe hupati udhibiti wala picha. Mfuko usiopitisha maji ndani ya begi, kwa mvua isiyo na adabu.

Safari ya kwanza

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Gede inatosha kwa siku ya kwanza: lami, kisha magofu ambayo tangu 2024 yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na kwa pili Msitu wa Arabuko-Sokoke. Msituni usiingie na baiskeli bila kuuliza langoni njia zipi zimefunguliwa. Kuna ndovu humo. Marafa iache mpaka makalio yazoee kiti.

Beba bisibisi, spana ya kiti, tyubu, pampu, maji lita mbili. Kila baada ya nusu saa jiulize ni wapi panauma. Goti kwa mbele: pandisha kiti nusu sentimita. Goti kwa nyuma: kishushe. Viganja: usukani uko mbali au chini. Badilisha jambo moja kwa mara moja, uandike.

Ukirudi, kabla ya kuoga, mwagia baiskeli maji baridi ya kisima, ikaushe kwa kitambaa, tia mnyororo mafuta. Futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Mkanda ukiwa umeisha, utie kwenye kichupa chake, uandike kwa kalamu tarehe, mahali na ISO uliyopigia, na uuweke frijini nyuma ya mtindi, watoto wasiuone.